Tembo wa Mto Tarangire, mwezi wa tisa

Mwezi wa tisa Mto Tarangire huwa umebaki mchanga na vidimbwi vichache. Maji yapo, lakini yako chini, na tembo wanajua pa kuyachimba. Anayetaka kupiga picha za tembo wengi kwa ukaribu hufika Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, kaskazini mwa Tanzania, wakati huo wa kiangazi. Mvua zikishanyesha, maji yanapatikana kila mahali, wanyama wanatawanyika na majani yanawafunika.

Asubuhi ninayoikumbuka tuliingia getini saa kumi na mbili, lango lilipofunguliwa tu, baada ya kulala karibu na njia panda ya Kwa Kuchinja. Jua hapo lilikuwa halijachomoza. Dereva wetu alikuwa mtu mzima aliyezoea hifadhi hiyo, na hakusimama kwenye kundi la kwanza tulilolikuta. Wale tembo walikuwa bondeni, nasi tungewapiga picha tukiwa juu ya ukingo. Tembo ukimpiga kutoka juu anapungua: mgongo unaonekana mpana, miguu inafupika, na nyuma yake panakuwa na mchanga mtupu. Kwa sababu hiyo hiyo sikufungua paa la gari letu, Land Cruiser. Ukisimama kwenye paa, kamera iko mita mbili na nusu au zaidi kutoka ardhini. Dirishani iko kama mita moja na nusu, na tembo anakuwa juu yako, na anga iko nyuma ya masikio yake.

Mzee alitafuta mahali ambapo barabara inashuka hadi karibu na usawa wa mchanga, akaegesha ukingo wa mashariki ili jua litoke mgongoni mwetu. Palikuwa na njia ya tembo inayoshuka mtoni, imekanyagwa hadi ikawa laini. Nilidhani angekaa hapo hapo, akapita na kusimama pembeni, kama mita 25 hivi.

"Mzee, si tungesogea karibu na njia?"

"Hapana, kijana. Njia ni ya kwao. Ukikaa kati yao na maji, watasimama kule juu wakusubiri uondoke, na jua litakuwa limeshapanda."

Akazima injini. Hilo ni la lazima, kwa sababu mtetemo wake unaingia moja kwa moja kwenye lenzi ndefu. Dirishani niliweka mfuko wa turubai wenye mchele kilo mbili, wa kuegemeza lenzi. Mchele uununue huku huku, huna haja ya kuupandisha ndege, na mfuko usiujaze zaidi ya theluthi mbili. Ukikaza, lenzi inateleza juu yake badala ya kuzama na kutulia. Mchanga usiutumie hata kama umejaa pale nje, kwani vumbi lake hupenya kwenye mshono na kuingia kwenye pete za kuvuta lenzi. Nilikuwa na kamera mbili za fremu kamili (kihisi cha milimita 36 kwa 24), moja ikiwa na lenzi ya milimita 100 hadi 400, nyingine 24 hadi 105, ili nisibadilishe lenzi ndani ya vumbi. Mwenye kamera moja afunge madirisha yote, azime kamera, aielekeze chini ndani ya kanga safi, kisha abadilishe haraka.

Kundi lilishuka jua likiwa limeshatoka. Mbele alikuwa jike mkubwa, kiongozi wao. Alisimama juu ya ukingo, akanyoosha mkonga upande wetu akinusa, akaushusha, akaendelea. Wengine wote walikuwa wamesimama wakimsubiri yeye. Mkonga ukishuka namna hiyo na masikio yakipepea polepole, endelea na kazi. Masikio yakifunguka wima, kichwa kikainuka na miguu ikasimama ghafla, weka kamera chini usikilize dereva atasema nini.

Alichimba kwa mguu wa mbele, akiusukuma mchanga nyuma kwa ukucha, kisha akautoa uliobaki kwa ncha ya mkonga. Shimo lilipofika kama mkono mzima, alisubiri. Maji ya kwanza yalikuwa tope, akayamwaga pembeni. Ya pili akanywa. Kwa tukio kama hilo kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde inatosha tembo akiwa ametulia, lakini mchanga ukirushwa unataka 1/1600, la sivyo punje zinageuka ukungu. Kitundu cha lenzi nilikiweka f/8, na wepesi wa kamera kwa mwanga ISO 800.

Mwanga wa pale unaidanganya kamera kwa namna mbili. Tembo akiwa mdogo kwenye fremu na mchanga mweupe umemzunguka, kamera inapunguza mwanga na yeye anakuwa kivuli cheusi. Ongeza theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga; stopu moja ni mwanga mara mbili) kwa gurudumu la kurekebisha mwanga. Akiijaza fremu kwa ngozi yake ya kijivu, kamera inaongeza mwanga na pembe zinaungua hadi mistari yake inapotea. Punguza kiasi hicho hicho. Lazima ubadilishe kila anaposogea, ndiyo maana kidole gumba kisiondoke kwenye gurudumu hilo.

Alikuwepo ndama wa miezi michache ambaye mkonga wake haujui kazi bado. Aliuingiza shimoni, akautoa, ukamponyoka usoni. Mwishowe akapiga magoti ya mbele, akaingiza mdomo wenyewe kwenye maji, mkonga ukiwa umekunjwa juu ya paji. Mama yake alisogeza mguu ili asimzibe. Hapo ndipo lenzi ndefu inapokuponza. Wakati huo walikuwa wamefika mita 20, na kwa milimita 400 fremu nzima inabeba kitu cha upana wa mita 1.8 tu: unapata kipande cha sikio na kipande cha mguu. Kwa milimita 100 unabeba mita 7, mama na mtoto na shimo lao. Na kwa 400 kwenye f/5.6 sehemu inayoonekana kwa ukali, kutoka mbele hadi nyuma, haizidi sentimita 80 au karibu na hapo. Tembo akikutazama uso kwa uso, kutoka ncha ya pembe hadi jichoni panaweza kukaribia au kuzidi hiyo. Fokasi ikishika pembe, jicho limekwenda.

Gari jingine likaja kwa kasi, likasimama karibu mno na njia yao, injini ikiwa inanguruma. Jike kiongozi aligeuka, ndama akasukumwa katikati ya miguu ya wakubwa, na kundi lote likaacha kunywa. Yule dereva akazima, nao wakatulia, ila hawakurudi kwenye mashimo yaliyo upande wetu.

Kisha dume akatokea ng'ambo. Mzee alimwona kabla yangu. Mashavu yalikuwa na michirizi myeusi kutoka kwenye tezi zilizo kati ya jicho na sikio, na miguu ya nyuma ilikuwa imelowa mkojo unaodondoka bila kukoma. Hizo ni dalili za dume anayetafuta jike, homoni zimempanda. Huyo havumilii gari. Mzee akawasha injini papo hapo, dume akiwa bado mbali, kwani kuiwasha akiwa karibu ndiko kunakomshtua. Alirudi nyuma taratibu hadi pakawa na mita 70, akazima tena.

Ilikuwa saa mbili kasoro, hewa juu ya mchanga ilikuwa bado haijaanza kutetemeka. Kufika saa nne umbali huo haufai tena, joto linalopanda linaufanya ukingo wa kila kitu ucheze, na hakuna lenzi inayorekebisha hilo. Nilihakikisha pia sipigi nikivuka juu ya boneti, maana injini iliyotoka kuzimwa hutoa joto lake. Kwa milimita 400 na mita 70, fremu inabeba mita 6.3 kwa 4.2: dume mzima alienea humo, na juu yake pakabaki anga. Kwenye f/8 ukali unachukua zaidi ya mita kumi, kwa hiyo pembe, macho, michirizi ya shavuni na mkia vyote vilisomeka. Alivuka mto akitembea moja kwa moja kuelekea majike, nami nikapiga kila mguu wa mbele ulipoinuka. Kwenye mita 20 ningepata shavu tu.