Mabuti ya kuwindia: miombo, mawe ya Longido na matope ya Moyowosi

Kila mwaka Julai inapokaribia, mwezi ambao msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa Tanzania, vijana wanaojiandaa kwenda kufanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji kwa mara ya kwanza huniuliza wanunue buti gani, na karibu wote huwa wameshaweka moyo kwenye buti zito, refu, lenye maandishi ya kwamba halipitishi maji. Mimi huwashauri kinyume cha hapo. Kwa sehemu kubwa ya mapori yetu, buti linalofaa ni jepesi, lenye soli inayokunjika, lisilo na bitana nene, lililoshonwa badala ya kubandikwa kwa gundi, na linalokauka upesi likilowa. Buti zito lina mahali pake, nami nitapataja, lakini mahali hapo ni padogo kuliko wengi wanavyodhani.

Anayefuata nyayo za mbogo hutoka kambini alfajiri na huenda akatembea mpaka alasiri bila kuliona kundi lenyewe. Pofu humtembeza mtu zaidi, kwa sababu hula huku akisonga mbele. Katika mwendo wa namna hiyo uzito wa kiatu si jambo dogo. Vipimo vilivyofanywa kwa watu wanaotembea na mizigo vimeonyesha kwamba kilo moja iliyo miguuni huuchosha mwili kama kilo nne hadi sita zilizobebwa mgongoni, kwa kuwa mguu huinuliwa, husukumwa mbele na kusimamishwa upya kwa kila hatua. Kwa hiyo anayevaa jozi ya kilo mbili ilhali angeweza kuvaa ya kilo moja na robo amejitwika mzigo mkubwa kabla hata hajabeba maji ya kunywa.

Miombo ndiyo pori ambalo wengi wetu tunafanyia kazi, kuanzia Rungwa hadi sehemu za Selous ambako uwindaji bado unaruhusiwa, na miombo ina adui mmoja wa mwindaji ambaye hatajwi kwenye maandishi ya dukani: kelele. Tangu Julai hadi mvua za kwanza, majani makavu hutanda chini na kila kijiti hulia kinapovunjika. Soli ngumu na nene hukivunja kijiti kabla mguu haujajua kama kipo, lakini soli laini humwezesha mtu kukihisi, kuuzuia uzito wake na kukanyaga upande mwingine. Hii ndiyo sababu wafuatiliaji wa nyayo wa zamani hawakuona haya kuingia porini na katambuga za tairi, na wapo wanaozivaa hadi leo. Katambuga ni imara na haina cha kukauka, ila huuacha wazi mguu wenyewe, na katika nyasi zenye upupu, katika vichaka vilivyoungua na kubaki na ncha kama misumari, au mahali ambapo kifutu amelala njiani bila nia ya kukimbia, ngozi inayofunika kifundo cha mguu ni bora mno. Hata hivyo, nisingependa mtu ayategemee mabuti yamkinge na nyoka. Yanapunguza hatari, lakini ulinzi wa kweli ni kutazama mahali unapokanyaga.

Kwa miombo ya kiangazi, basi, napendekeza buti la ngozi laini lisilong'arishwa, linalofika juu kidogo ya kifundo, lenye soli ya mpira isiyo na meno marefu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini kiwanda cha Bata cha Limuru kimeendelea kutengeneza buti la aina hiyo lijulikanalo kama Safari Boot, ambalo bei yake haimtishi mfanyakazi wa kawaida. Wenye uwezo zaidi huagiza mabuti ya Courteney yanayotengenezwa Bulawayo, Zimbabwe, baadhi yake kwa ngozi ya mbogo, nayo hudumu miaka mingi kwa sababu soli ikiisha inaweza kubadilishwa. Hapo ndipo umuhimu wa kushonwa unapoonekana. Joto la Oktoba huilegeza gundi, na soli iliyobandikwa tu ikianza kufunguka upande wa vidole katikati ya pori, kamba ndiyo itakayokurudisha kambini.

Ukihamia kaskazini, kwenye Longido na nchi inayozunguka Ziwa Natron, ushauri wangu hubadilika. Ardhi ile imejaa mawe ya volkano yenye makali, na migunga humwaga miiba ambayo mingine huzidi sentimita 5. Soli laini niliyoisifia kwa miombo itatobolewa huko, na hata isipotobolewa, nyayo zitauma kwa kukanyaga mawe kutwa nzima. Hapa buti gumu kidogo linastahili uzito wake: soli nene ya mpira mgumu yenye meno, utepe wa mpira unaozunguka mbele kuzilinda ngozi na mishono dhidi ya kusuguliwa na mawe, na shingo inayokamata kifundo vizuri wakati wa kushuka makorongo. Soli za mpira zenye meno ya namna hiyo zina historia ya huzuni. Mpanda milima Mwitaliano Vitale Bramani alianza kuzibuni baada ya wenzake sita kufa mlimani mwaka 1935, na jina la Vibram linalosomeka chini ya mabuti mengi limetokana na jina lake. Unapolijaribu buti la mawe, simama kwenye ngazi au kwenye mteremko ukiwa umelifunga vizuri. Vidole vikigusa mbele, liache, kwa maana siku ya kwanza tu ya kushuka mlima kucha zitaanza kuwa nyeusi.

Maji ndiyo yanayowapotosha wanunuzi kuliko kitu kingine chochote. Katika mabwawa ya Moyowosi anakoishi nzohe, swala wa majini, sehemu ya ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, maji hayakuingii kwa kupenya ngozi, bali humiminika kutoka juu. Buti lenye utando wa kuzuia maji likishajaa huwa ndoo, kwa sababu utando uleule uliozuia maji yasiingie huyazuia yasitoke, na halitakauka usiku huo wala ule unaofuata. Hata pasipo maji, utando huo katika joto letu hubakiza jasho, ngozi ya mguu hulainika, na ngozi iliyolainika ndiyo inayotoka malengelenge. Gambuti nazo zinafaa kwa kazi za kambini, lakini kisigino hucheza ndani yake na maji yakiingia mwendo umekwisha. Kwa matope na maji hakuna kinachoshinda buti la turubai lenye matundu ya kutolea maji, kama yale ambayo jeshi la Marekani lilitumia Vietnam: yana matundu mawili madogo upande wa ndani, karibu na tao la unyayo, nayo huyatema maji kwa kila hatua. Ukilipata lenye meno mapana yaliyoachana, lichukue, kwa sababu mvua za Novemba zinapoanza na udongo mweusi wa mbugani kugeuka gundi, meno yaliyosongamana hujaa tope na kila mguu huongezeka uzito maradufu.

Mabuti mengi tunayovaa hutoka mtumbani, nami sioni ubaya wowote katika hilo, maana humo hupatikana ngozi ambayo dukani tusingeimudu. Lakini mtumba wa mabuti una mitego miwili. Wa kwanza ni bitana ya joto. Ukiona ndani pameandikwa gramu 200, 400 au 800, hicho ni kipimo cha uzito wa bitana ya kuhifadhi joto kwa kila mita ya mraba, na buti hilo limetengenezewa mtu wa Minnesota au Wisconsin, Marekani, anayekaa juu ya mti mwezi Novemba akimsubiri paa katika baridi kali, bila kutembea. Kwake ni buti zuri kabisa. Kwa mtu wa Rungwa mwezi Oktoba, hilo litauivisha mguu.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Mabuti mengi ya kisasa yana tabaka la poliyurethani kati ya ngozi na soli ya chini, na kemikali hiyo huvunjwavunjwa polepole na unyevu wa hewa, hata kiatu kikiwa kabatini hakivaliwi. Ndiyo maana jozi inayong'aa kama mpya, iliyokaa miaka stoo huko Ulaya, inaweza kumeguka kama mkate mkavu ndani ya siku mbili za kutembea. Kabla ya kulipa, likunje buti kwa nguvu mara kadhaa, bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha, na tazama kama kuna nyufa nyembamba au unga unaobaki kidoleni. Mashaka yakiwepo, chagua lenye soli ya mpira mtupu, ambao hauna ugonjwa huo hata kama unachakaa kwa njia nyingine.

Kuhusu saizi nitasema kwa ufupi. Nenda kupima jioni, wakati miguu imevimba kama itakavyovimba porini, ukiwa na soksi zilezile utakazovaa kazini. Soksi za pamba tupu hushika jasho, kwa hiyo tafuta za sufu nyembamba au zilizochanganywa na nailoni. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, lakini kisigino kisipande unapotembea.

Mabuti yakilowa usiyaweke kando ya moto wa kambi, jambo ninaloliona kila msimu: ngozi hupasuka na gundi huachia. Toa soli za ndani, jaza magazeti, yabadilishe yanapolowa, na uyaache kivulini penye upepo. Ngozi ikikauka ipake nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta kidogo, ambayo kwa watu wa Tabora hata haihitaji kununuliwa mbali, na uiingize vizuri kwenye mishono, kwa kuwa uzi ukioza soli hufuata. Na mwenye fedha ya kununua jozi moja ya bei kubwa atafaidika zaidi akinunua jozi mbili za bei ya kati na kuzivaa kwa zamu, ili kila moja ipate siku nzima ya kukauka kabla ya kurudi porini.