Kuhe, sangala na pua ya kambale

Mama mkwe wangu ameuza samaki Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa miaka mingi kuliko niliyoishi duniani, kwa hiyo nikitaka kumbishia jambo la samaki huwa napima kwanza. Jumamosi ile sikupima.

Mwezi ulikuwa mpevu. Mwezi ukiwaka namna ile wavuvi wa dagaa hulala, maana taa zao hazivuti kitu, basi mama alikuwa amechukua mzigo kwa watu wa mshipi: sangala mmoja mnene, kuhe wawili, migebuka saba. Tukakaa uani kupara magamba. Mimi ni wa Tabora, na nilikokulia samaki alikuwa kitu kinachoshuka kwenye treni kimekauka, mkia umepachikwa mdomoni. Kupara samaki mbichi nimefundishwa na mama huyuhuyu, na hajawahi kuacha kunikumbusha.

Akamlaza kuhe ubavuni mwa sangala. "Hawa mtu na kaka yake. Mgebuka yeye mtu wa mbali, mwembamba hivi kama mshale."

Ukiwatazama, utamkubalia. Wote wawili wana vichwa vikubwa, midomo ya kumeza samaki wenzao, miili ya mbio. Kuhe ana manjano na mabaka meusi ubavuni, sangala amekolea fedha, lakini rangi si hoja. Mgebuka ndiye anaonekana mgeni.

"Hapana mama," nikasema. "Sangala na mgebuka ndio ndugu. Kuhe ni wa ukoo wa perege."

"Perege!" Akaweka kisu chini. "Haya mwalimu, nionyeshe."

Nafundisha baiolojia sekondari, na kwa swali hilo nilikuwa na jibu langu tayari, nimelitumia darasani miaka kadhaa. Nikachukua njiti ya kiberiti nikamwonyesha pua. Kuhe ana tundu moja kila upande wa pua. Sangala ana mawili kila upande, yamekaribiana. Mgebuka naye mawili. "Umeona? Hawa wawili wamefanana, kuhe kabaki peke yake."

Mama hakujibu. Aliinuka akaenda kwenye ndoo ya jirani yetu, ambamo kulikuwa na kambale mzima bado anajinyonganyonga. Akamshika kichwa, akamgeuzia kwangu. Tundu la mbele limechomoza kama mrija mfupi, na nyuma yake kuna la pili. Kila upande.

"Na huyu ana mawili. Naye ni ndugu wa sangala?"

Nilibaki na njiti yangu mkononi.

Jibu langu la miaka yote lilikuwa sahihi kwa bahati tu. Njia ya kulifikia ilikuwa mbovu. Matundu mawili ni urithi wa zamani sana, samaki wengi wanao, na kitu ambacho karibu kila mtu anacho hakithibitishi undugu wa wawili. Mimi na jirani yangu wote tuna masikio mawili, lakini siwezi kwenda kudai mirathi kwa baba yake kwa sababu hiyo. Kinachohesabika ni kile kilichobadilika: jambo jipya lililozuka kwa babu mmoja na likabaki kwa wajukuu wake tu. Kanuni hii iliandikwa kwa ukali wake na Mjerumani Willi Hennig, mtu wa kuchunguza nzi, katika kitabu chake cha 1950. Kabla yake watu wengi walipanga wanyama kwa kufanana kwa jumla, kama mama alivyofanya kwenye beseni.

Na unajuaje kipi kipya, kipi cha kale? Hapo ndipo kambale anapofanya kazi. Unamleta wa nje, asiyehusika na kesi, unamuuliza yeye anacho kipi. Mama alifanya hivyo bila kusoma kitabu cha mtu yeyote. Kwa hiyo pua ile inasema kitu kuhusu kuhe tu, kwamba yeye ndiye aliyebadilika, na tundu lake moja analo perege pia. Kuhusu sangala na mgebuka pua haisemi lolote.

Ilibidi nitafute ushahidi mwingine, na safari hii nilitumia kidole gumba. Samaki ana mstari wa vitundu ubavuni, ambao kwa huo huhisi mtikisiko wa maji. Kwa kuhe unaufuata kutoka nyuma ya kichwa, juu juu, halafu unakatika. Unashuka chini kidogo, unaukuta mwingine umeanza, unakwenda mkiani. Mistari miwili, kama ya perege. Kwa sangala mstari ni mmoja, na ukifika mwisho wa mwili hausimami: unaingia ndani ya pezi la mkia na kwenda hadi ukingoni. Nikamchukua mgebuka, nikampangusa kwa kanga, nikamlaza juani. Mstari mmoja. Unaingia mkiani. Samaki walio wengi hawafanyi hivyo. Huo ndio ushahidi niliopaswa kuanza nao.

Mama asijione peke yake. George Boulenger, mzaliwa wa Brussels aliyefanya kazi kwenye jumba la makumbusho London, mwaka 1914 naye alimtenga mgebuka akampa jenasi yake, yaani kikundi chake cha ukoo, Luciolates. Baadaye wengine wakamrudisha kwa wenzake, na leo anaitwa Lates stappersii, jenasi moja na sangala wetu, na pia na sangara wa Mwanza. Kichekesho ni kwamba kuhe ndiye aliyebeba jina la mzee huyo: Boulengerochromis.

Kisha tukafika kooni, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Nyuma ya matamvua ya kuhe, ukiingiza kidole, utagusa kitu kinachokwaruza. Nilikitoa kwa kisu: mfupa wa pembetatu uliojaa vijino, mifupa miwili iliyoungana kuwa mmoja. Ni taya la pili. La mdomoni linakamata, la kooni linashughulikia chakula. Perege analo. Kwa sangala mifupa ile ya chini ipo miwili, haikuungana.

Ningependa kuwaambia kwamba mfupa huu unamaliza kesi, lakini wasomaji wangu wa pwani watanikumbusha pono. Pono wa baharini naye ana taya la kooni lililoungana, na kwa sababu hiyo wataalamu walimweka yeye na jamaa za kuhe kwenye kundi moja kwa miaka mingi. Ilikuwa hoja nzito. Mfupa wenye ufundi kiasi kile, nani angedhani umezuka mara mbili? Vinasaba vilipopimwa, kundi likavunjika. Ulizuka zaidi ya mara moja. Kwa hiyo siku hizi nikipata mfupa mzuri natafuta na wa pili, na wa tatu, nione kama wote wanataja ndugu yuleyule. Kwa kuhe na perege wanataja.

Mama alikuwa amekwisha kuvunja kichwa cha sangala kwa ajili ya mchuzi. Nikamwonyesha kiungo cha taya, mifupa miwili inapokutana, nikamwambia kwamba hiyo ndiyo iliyohamia sikioni mwetu ikawa viungo vidogo vya kusikilizia. Mjerumani Karl Reichert alilifuatilia jambo hilo kwenye viinitete vya wanyama, yaani mimba changa, mwaka 1837. Akakitazama kiungo, akanitazama mimi. "Hilo umelitunga."

Tulikula mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo. Mfupa wa kooni niliuosha nikauanika dirishani, Jumatatu niende nao darasani, pamoja na pua ya kambale kama jirani atakubali kuniuzia kichwa.

Jioni mama alikuwa anafunga beseni kurudi sokoni na kuhe mmoja aliyebaki. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mama Neema, hayo ya perege yaishie hapa uani. Wateja wangu wakisikia, wataanza kunipa bei ya perege."