Fuata kalamu ya hakimu

Kitu cha kwanza nilichojifunza mahakamani ni kusema polepole. Nilishakula kiapo, nikaanza kumwaga yote niliyoyaona jioni ile, na kabla sijafika pale pikipiki inapotokea, hakimu akainua mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kuandika. "Shahidi, fuata kalamu yangu."

Alikuwa anaandika kila neno kwa mkono. Basi nikawa natoa sentensi moja, nasubiri, naitazama kalamu hadi ifike mwisho wa mstari, natoa nyingine. Jaribu siku moja kusimulia jambo lililokutisha kwa mwendo huo. Hofu yote inakauka. Yanabaki maneno yamepanga foleni, na wewe mwenyewe unaanza kusikia yalivyo machache.

Nilikuwa shahidi wa tatu wa upande wa mashtaka. Pikipiki ilimgonga kijana akivuka barabara, dereva akasimama kidogo, akatazama nyuma, akaondoka. Kijana hakufika hospitali akiwa hai. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara. Kesi ikatajwa, ikaahirishwa. Mara wakili yuko mahakama nyingine, mara jalada halionekani, mara hakimu yuko likizo. Miezi kumi na minne nilikwenda na kurudi na ile hati ya wito ndani ya mkoba, na muda wote huo sikuwa na chembe ya shaka kwamba aliyekaa kizimbani ndiye niliyemwona. Ningeapa hata mara mbili.

Wakili wa utetezi hakunigombeza. Nilijiandaa kwa mtu wa kupiga kelele, akaja mtu wa sauti ya chini mwenye miwani imening'inia puani. Akaniuliza nilikuwa mbali kiasi gani. Nikasema siyo mbali. "Kama kutoka hapo ulipo hadi wapi?" Nikatazama mlango, nikaona ni karibu mno. Nikamwonyesha nje ya dirisha, kwenye mti. Akageuka kwa hakimu: "Mheshimiwa, tukubaliane ni kama mita thelathini?" Mwendesha mashtaka hakupinga. Kalamu ikaandika mita thelathini.

Ulimwona kwa muda gani? Kama dakika moja. Hakujibu kitu. Alitazama saa yake ya mkononi, akanyamaza, na ukumbi mzima ukanyamaza naye, hadi nikaanza kuhisi jasho mgongoni. Halafu akasema, "Hizo zilikuwa sekunde kumi, shahidi. Dereva alisimama zaidi ya hapo?" Nikasema hapana.

Ndipo akatoa maelezo yangu ya polisi, yale niliyoyatia sahihi usiku uleule. Akaniomba nisome mstari wa sita kwa sauti. Nikasoma: dereva alivaa jaketi la rangi ya giza. "Lakini leo umeiambia mahakama jaketi lilikuwa la kijani. Hiyo kijani uliipata wapi?"

Nimelitafakari swali hilo kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa maishani. Jibu nililijua nikiwa bado nimesimama pale, na sikulipenda. Siku tatu baada ya ajali niliitwa kituoni. Kwenye benchi alikaa kijana mwenye pingu, mezani pameshawekwa jaketi la kijani, na askari akaniuliza: "Ni huyu?" Hapakuwa na gwaride la utambulisho, watu wanane tisa wanaofanana wamepangwa mstari nichague mwenyewe. Palikuwa na mtu mmoja, pingu, na jaketi. Tangu saa hiyo kila nilipoikumbuka ajali, jaketi lilikuwa la kijani. Uongo sikusema. Kumbukumbu yangu ilipakwa rangi, nami sikujua ni lini.

Baadaye nikaanza kusoma, maana nilikuwa na hasira na nilitaka kujua sheria inanidharau kwa nini. Nikakutana na Adolf Beck. Mwaka 1896, London, mtu huyu alishtakiwa kuwatapeli wanawake vito vyao. Wanawake walipanda mmoja baada ya mwingine wakamnyooshea kidole: ndiye. Akahukumiwa miaka saba. Alitoka mwaka 1901, na mwaka 1904 akakamatwa tena, wanawake wengine wakamtambua, akatiwa hatiani mara ya pili. Kabla hajapewa adhabu, mtu mwingine akanaswa kwa utapeli wa namna ileile huku Beck akiwa rumande. Huyo ndiye aliyekuwa mwizi tangu mwanzo. Wale wanawake hawakuwa waongo. Walikuwa na uhakika kama niliokuwa nao mimi. Aibu hiyo ilichangia Uingereza kuanzisha mahakama yake ya rufaa za jinai mwaka 1907.

Na maswali ya yule wakili mwenye miwani hayakutoka kichwani mwake. Mwaka 1976 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika shauri la Turnbull, iliorodhesha mambo ya kupimwa pale kesi inapotegemea macho ya shahidi: alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, kulikuwa na kizuizi, aliwahi kumwona kabla, maelezo yake ya kwanza yanalingana na sura ya mshtakiwa? Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza zinaufuata utaratibu huo. Nilipousoma niliona ushahidi wangu umekatwakatwa vipande tangu kabla sijafungua mdomo.

Kilichoniudhi zaidi, lakini, ni utetezi wenyewe. Mshtakiwa alisema hakuwepo, akakaa. Hakuleta shahidi wala risiti. Nilitaka mtu amuulize: kama hukuwepo, ulikuwa wapi? Kumbe hadaiwi jibu hilo. Mwaka 1935, katika kesi ya kijana Reginald Woolmington aliyedai bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ikamuua mkewe, jaji alikuwa amewaambia wazee wa baraza kwamba kazi ya kuthibitisha bahati mbaya ni ya mshtakiwa. Bunge la Malord, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa Uingereza, likaitengua hukumu: mzigo wa kuthibitisha ni wa anayeshtaki, mwanzo hadi mwisho. Aliyeshtakiwa anaweza kukaa kimya kabisa na bado ukashindwa wewe.

Hukumu ilisomwa Ijumaa asubuhi. Aya tatu nzima zilikuwa zinanihusu mimi. Hakimu aliandika kwamba shahidi wa tatu ni mkweli na hakuwa na sababu ya kumsingizia mtu, kisha akaandika kwamba ukweli wa shahidi ni jambo moja na usahihi wake ni jingine. Upande wa mashtaka haukuthibitisha kesi pasipo kuacha shaka. Mshtakiwa akaachiwa huru. Hakimu hakusema kwamba mshtakiwa hakufanya. Nilirudia kuisoma nakala nikilitafuta neno hilo, halimo.

Mwendesha mashtaka aliwaeleza ndugu kwamba wanaweza kufungua shauri la madai, ambako mizania ni nyepesi: inatosha kuonekana kwamba uwezekano wa jambo kuwa lilitokea ni mkubwa kuliko wa kutotokea. Ndivyo O. J. Simpson, mchezaji maarufu wa Marekani aliyeshtakiwa kumuua mtalaka wake na rafiki wa mtalaka huyo, alivyoachiwa huru kwenye kesi ya jinai mwaka 1995, na mwaka 1997 akaamriwa kulipa fidia kwa vifo vilevile. Ndugu walisikiliza kama mtu anayesomewa bei ya kitu asichotaka kununua.

Mama wa marehemu alinisubiri koridoni. Hakulia. Alinishika mkono juu kidogo ya kiwiko, kwa nguvu.

"Mwanangu, si ulimwona wewe?"

"Mama, niliona jaketi."

"La kijani."

Sikumjibu. Karani alikuwa anaita kesi inayofuata, watu wakatupita pembeni kuingia ndani.