Neno "evil" kabla halijawa zito

Kuna hoja inayopendwa sana katika mahubiri na katika ujumbe unaosambazwa kwenye simu, kwamba neno la Kiingereza "devil", yaani Ibilisi, ni "evil", yaani uovu, lililoongezewa herufi d mbele, kama vile "God", Mungu, lilivyo "good", jema, lililopunguziwa o moja. Hoja hii inapendeza machoni, na mhubiri hodari anaweza kuikalia kwa muda mrefu bila msikilizaji kuchoka, lakini haina ukweli. "Devil" asili yake ni Kigiriki, diabolos, yaani mchongezi au msingiziaji; likapita katika Kilatini cha kanisa, likafika Uingereza pamoja na Ukristo, na Waingereza wa kale wakaliandika "deofol". Wataalamu wengi wanaona kwamba hata Iblis wa Kiarabu, ambaye ndiye Ibilisi wetu, ametokana na diabolos huyohuyo. Ikiwa ni hivyo, basi neno letu Ibilisi lina undugu na "devil" kuliko "evil" lilivyo nao. "God" na "good" nayo hayana nasaba, yamefanana tu.

"Evil" lenyewe halikuletwa na wamisionari wala na wafalme. Ni neno la nyumbani, la jamii ya lugha za Kijerumaniki, ambalo Waingereza wa kale waliliandika "yfel" na kuitamka ile f kama v. Ndugu zake wapo wazi: Wulfila, askofu aliyewatafsiria Wagothi, watu wa kale wa jamii hiyohiyo, Biblia katika karne ya 4, alitumia "ubils", Wajerumani wanasema "übel", Waholanzi wanasema "euvel", ambalo siku hizi hutajwa zaidi pale kitu kinapokuwa na kasoro au hitilafu. Kutokana na ndugu hao, wanaisimu wameunda upya umbo la mzazi wao, "ubilaz", wakieleza kwamba irabu i ya silabi ya pili iliivuta u ya kwanza mbele ya kinywa hadi ikawa sauti ile ambayo Wajerumani bado wanaiandika kwa ü. Wapo wanaokwenda nyuma zaidi na kulihusisha neno hili na "up", juu, na "over", kupita juu ya, ili maana yake ya awali iwe jambo lililovuka mpaka. Ni dhana inayovutia, na kwa sababu hiyohiyo naishika kwa ncha za vidole, kwa kuwa hata ile ya "devil" ilivutia.

Umbo tunaloliona leo ni zawadi ya kusini mashariki mwa Uingereza. Sauti ile ya ü, ambayo Waingereza wa kale waliiandika y, ilipogawanyika katika lahaja za Uingereza, baadhi ya watu walisema "ivel", wengine "uvel", na watu wa Kent, jimbo la huko kusini mashariki, na majirani zao "evel". Umbo la Kent ndilo lililoshinda katika neno hili. Katika neno "bury", kuzika, ushindi uligawanywa: tahajia ikafuata upande mmoja kwa kuandika u, matamshi yakafuata Kent kwa kusema e, na wanafunzi wetu wanaendelea kuadhibiwa kwa mgogoro huo wasioujua.

Lakini jambo linalonivutia kuliko sauti ni upana wa maana. Kwa msikilizaji wa leo "evil" linanuka kiberiti. Ni neno la mauaji ya halaiki, la wachawi wa filamu, la Shetani mwenyewe. Kwa Mwingereza wa miaka elfu moja iliyopita lilikuwa neno la kila siku la kuelezea chochote kisichofaa: kazi mbovu, afya mbovu, bahati mbaya, mtu mbaya. Upana huo ulibaki hadi Biblia ya Mfalme James ilipochapishwa mwaka 1611. Fungua Yeremia sura ya 24 katika tafsiri hiyo, utamkuta nabii ameonyeshwa vikapu viwili vya tini, na tini za kikapu cha pili zinaitwa "evil", tena "very evil", kiasi kwamba haziliki. Tini hizo hazikuwa na dhambi yoyote. Zilikuwa mbovu tu, na Kiswahili kinalisema hilo bila taabu, kwa sababu uovu na ubovu kwetu ni maneno yanayokaa mlango mmoja na kuoza. Vivyo hivyo Yesu anaposema katika Mathayo 6:34 kwamba yatosha kwa siku "maovu" yake, hazungumzii siku yenye mapepo. Anazungumzia taabu na usumbufu wa kawaida ambao kila siku huja nao.

Ulikuwapo pia ugonjwa ulioitwa "the King's evil", yaani uovu wa mfalme kwa anayetafsiri neno kwa neno, ingawa maana yake ilikuwa maradhi ya mfalme. Ni uvimbe wa tezi za shingo unaotokana na kifua kikuu, na uliitwa hivyo kwa sababu watu waliamini kwamba mguso wa mkono wa mfalme huuponya. Imani hiyo Uingereza iliihusisha na Edward, mfalme aliyefariki mwaka 1066, na Shakespeare aliiingiza katika tamthilia yake Macbeth, mahali ambapo Malcolm anaulizwa ni ugonjwa gani huo na kujibu kwamba unaitwa "the evil", bila kuongeza neno. Mwanafunzi asiyejua historia hii hudhani kwamba ukurasa ule unazungumzia uchawi, kwa kuwa tamthilia yenyewe imejaa wachawi. Charles wa Pili, aliyetawala kuanzia 1660 hadi 1685, inakadiriwa kwamba aliwagusa watu zaidi ya 90,000. Mwaka 1712 mtoto mmoja wa umri wa miaka miwili na nusu alipelekwa London ili aguswe na Malkia Anne, akavishwa kidani cha dhahabu, asipone. Mtoto huyo, Samuel Johnson, ndiye aliyekuja kuandika kamusi maarufu ya Kiingereza ya mwaka 1755. Anne alipofariki mwaka 1714, George wa Kwanza hakuiendeleza desturi ile, na jina la ugonjwa likaanza kufifia.

Ni nini basi kilicholitoa neno hili kwenye tini na tezi likapanda hadi lilipo? Jibu kubwa ni ujio wa "bad". Hili lilianza kuonekana katika maandishi karibu na karne ya 13, likitokea pembeni, na polepole likachukua kazi zote ndogondogo: chakula kibaya, hali ya hewa mbaya, habari mbaya. Lilifika mbali hata likarithi vifaa vya mwenzake. "Worse" na "worst", ambayo mwalimu yeyote wa Kiingereza hufundisha kama viwango vya "bad", yalikuwa viwango vya "yfel" karne nyingi kabla "bad" halijajulikana, na ndiyo sababu hayafanani nalo hata kidogo. Upande wa magonjwa ukachukuliwa na "ill", neno lililoletwa na Waskandinavia, ambalo licha ya kufanana na "evil" kwa sauti na kwa maana halina uhusiano wa damu nalo. Ujerumani mambo hayakwenda hivyo: Mjerumani anayetaka kutapika bado anasema anajisikia "übel", na hakuna anayemwita kasisi.

"Evil" likabakiwa na mizigo mizito peke yake, na hapo ndipo msomaji wa maandishi ya zamani anapoteleza. Mfano ulio mgumu kuliko yote ni Isaya 45:7, ambapo tafsiri ya 1611 inamfanya Mungu aseme kwamba anaumba "evil". Watu wamebishana kwa ukali juu ya mstari huo, wakiuliza inawezekanaje Mungu mwema aumbe uovu, wakati neno la Kiebrania lililopo pale, ra, ni pana kama "evil" lilivyokuwa siku zile, na katika mstari huo limewekwa mkabala na amani. Tafsiri nyingi za Kiingereza za sasa zimeandika "maafa" badala yake. Sisemi kwamba swali la kiteolojia limekwisha. Nasema tu kwamba sehemu ya ukali wake imetokana na mabadiliko ya neno la Kiingereza ambayo Isaya hakuhusika nayo. Wanafalsafa, kwa upande wao, wameuhifadhi upana wa kale: kwao tetemeko la ardhi ni "evil" la kimaumbile na mauaji ni "evil" la kimaadili.

Katika Sala ya Bwana utata ni wa aina nyingine, kwa sababu Kigiriki chenyewe kinaruhusu tafsiri mbili, mtu au jambo. Kiingereza kilichagua jambo tangu zamani, "of yfele". Kwetu Biblia ya Union inasema "utuokoe na yule mwovu", na Wakatoliki husali "utuopoe maovuni", kwa hiyo katika mtaa mmoja usomaji wote wawili husaliwa kila Jumapili.

Siku hizi neno hili limepata makazi mapya katika siasa za Marekani. Mwezi Machi 1983 Ronald Reagan, akihutubia wainjilisti mjini Orlando, aliuita Umoja wa Kisovieti dola la "evil". Tarehe 29 Januari 2002, George W. Bush alizitaja Iraki, Irani na Korea Kaskazini kuwa mhimili wa "evil". Rasimu ya hotuba hiyo, iliyoandikwa na David Frum, ilikuwa na maneno "mhimili wa chuki", na aliyebadilisha alikuwa Michael Gerson, mwandishi mkuu wa hotuba za rais, ambaye alitaka lugha yenye uzito wa kidini zaidi. Mwaka 1611 badiliko hilo lisingemsaidia sana.