Nilivyojitengenezea makasha ya kuhifadhia vitu kwenye boti yangu ya uvuvi

Kwenye boti ndogo ya uvuvi, kitu kisicho na mahali pake huishia miguuni. Nanga inabingirika, kamba inajisokota, ndoana zinajificha chini ya mabao, na samaki akishakula ndipo kisu hakionekani. Boti yangu ni ya faiba, urefu wake mita 4 na nusu, ina mabao matatu ya kukalia na injini ya kupachika nyuma. Makasha ya madukani hayakuenea popote kwa sababu ubavu wake umepinda. Nikaamua kutengeneza ya kwangu.

Kabla ya kushika msumeno nilishika ndoo. Maji ya lita 20 yana uzito wa kilo 20, kwa hiyo nilijaza ndoo kadhaa nikazipanga pale nilipofikiria kuweka makasha, kisha mimi na mwenzangu tukaingia tukatazama boti inavyokaa majini. Ndoo zikiwa nyuma karibu na injini, tezi, yaani nyuma ya boti, ilididimia na omo, yaani mbele, ikanyanyuka. Tulipozileta katikati, chini kabisa, boti ilitulia hata mmoja wetu aliposimama. Mpango wote ulitoka hapo: vizito vikae chini katikati, vyepesi viende omo, na ubavu wa kulia usiuzidi wa kushoto. Kila anayeniuliza namwambia aanze na ndoo, maana mchoro wa kwenye karatasi hauelei.

Kuna kitu sikukigusa, nacho ni povu gumu lililofungiwa chini ya mabao ya kukalia. Wengi hulitoa ili wapate nafasi. Povu hilo ndilo linaloifanya boti iendelee kuelea hata ikijaa maji, ukapata cha kushikilia mpaka msaada ufike. Naomba sana, usilitoe.

Makasha niliyaunda kwa plaiwudi ya kutengenezea boti, ile ambayo gundi yake haiachii kwa maji, unene wa milimita 9. Mbao hii hunywa maji zaidi kwenye kingo na kwenye matundu ya skrubu, na hapo ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko kazi nyingine yoyote. Kila tundu nilitoboa pana kuliko skrubu, nikalijaza epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayoganda ikawa ngumu, nikaiacha ikauke kabisa, kisha nikatoboa tena katikati ya ile epoksi. Skrubu ikiingia haigusi mbao hata kidogo, imezungukwa na ukuta mgumu usiopitisha maji. Kingo nilizipaka epoksi mara tatu, nikipiga msasa kila baada ya mkono mmoja. Juu ya epoksi lazima rangi, kwa sababu jua huila epoksi iliyoachwa wazi. Skrubu na bawaba ni za chuma cha pua daraja la 316, linalovumilia chumvi kuliko daraja la 304.

Sikutoboa mwili wa boti. Vishikizo vya makasha nimevigandisha sakafuni kwa epoksi na kitambaa cha faiba, na makasha yenyewe yanafungwa kwa mikanda, yanatoka yote nikitaka kuosha. Chini ya kila kasha nimeacha upenyo ili maji yateremke mpaka kwenye ngama, pale chini kabisa ya boti maji yanapokusanyika. Maji yakizuiliwa katikati ya safari huwezi kuyafua, na boti inazidi kuwa nzito bila wewe kujua.

Kasha la samaki liko katikati. Lina kuta mbili, na kati yake povu la unene wa sentimita 5, la aina isiyonyonya maji. Ndani nimepaka faiba laini, pembe zote zimeviringwa ili utumbo na magamba yasinase, na chini kuna tundu lenye kizibo. Barafu ikiyeyuka natoa maji, kwani samaki anayelala kwenye maji machafu huharibika upesi. Mfuniko wake ndio ubao wangu wa kukatia chambo.

Nyavu zina beseni lake pana, na humo hamna skrubu wala pembe iliyochomoza, maana nyavu hunasa penye ncha yoyote. Kamba ya nanga iko omo kwenye kreti yenye matundu, inapata hewa na kukauka. Fimbo za kuvulia zinasimama kwenye vipande vya bomba la plastiki ubavuni.

Betri na mafuta nimevitenganisha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hujikusanya chini, na cheche moja inatosha. Tangi nimeliacha wazi nyuma penye upepo, limefungwa kwa mkanda tu. Betri iko mbali nalo, kwenye kasha lenye matundu juu, kwa kuwa gesi inayotoka betri ikichajiwa ni nyepesi, hupanda.

Jaketi za kuokolea hazina kasha. Ziko chini ya bao, zimeshikwa kwa mpira unaofyatuka kwa mkono mmoja, na upo wa kufulia maji umefungwa kwa kamba fupi hapo hapo. Ukitengeneza makasha yako, vitu hivi viwili usiviwekee komeo wala kuvifunika na chochote.