Wahudumu wa wazee wakipungua, anzeni kwa kuhesabu saa mbaya

Wanaoanzisha kituo cha kulea wazee mchana, iwe ni parokia, msikiti, kikundi cha akina mama au familia chache za mtaa mmoja, hushughulika kwanza na jengo, viti na sufuria. Wahudumu hufikiriwa mwisho, tena kwa kugawanya tu: wazee 20, wahudumu 4, kila mmoja atashika wazee 5. Hesabu hiyo huvunjika kabla ya saa 4 asubuhi, maana shida za wazee hazipangi foleni.

Chukulia wazee hao 20 wanakaa kituoni kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Tuseme 12 wanajimudu, 6 wanahitaji kushikwa mkono, na 2 hawasimami bila watu wawili. Mmoja wa hao wawili akitaka choo, wahudumu wawili wametoka ukumbini kwa dakika 15 au 20. Wa tatu anamlisha bibi asiyeona. Ukumbini amebaki mmoja, na humo yumo babu mwenye ugonjwa wa kusahau anayenyanyuka kila mara kuelekea getini. Kwa hiyo tafuteni saa iliyo mbaya kuliko zote, kisha mjiulize ni watu wangapi lazima wawepo na wawe wapi. Hapa jibu ni wanne, na mpishi hahesabiwi. Wakija watatu, wale wazee wawili wa kunyanyuliwa wapangiwe siku nyingine. Wakija wawili, msifungue.

Hilo la mwisho linauma, kwa sababu binti wa mzee anayeletwa kituoni anategemea kituo ili aende kwenye genge lake soko la Majengo, hapa Dodoma, au kazini. Ndiyo maana utaratibu wa siku ya upungufu uandikwe na kukubaliwa na familia mapema, na simu zipigwe kabla ya saa 1 asubuhi. Kufungua kwa kujikaza ni hatari kuliko kufunga.

Dalili ya kwanza ya upungufu ni maji, na wengi hawaioni. Mhudumu aliyelemewa huanza, bila hata kukusudia, kupunguza vikombe ili safari za chooni zipungue. Mzee naye hadai, kwa kuwa kiu hufifia kadiri umri unavyosogea, na wengine hujinyima wenyewe wasimsumbue kijana wa watu. Kwa joto na ukavu wa Dodoma wa Oktoba na Novemba, matokeo hayachelewi: mkojo wa rangi nzito, choo kigumu, maambukizi ya njia ya mkojo, kuchanganyikiwa ghafla, kisha kuanguka. Wekeni saa maalumu za maji, mfano saa 3, saa 5, saa 7 na saa 8 na nusu, na kila kikombe kiandikwe daftarini; mgonjwa wa moyo au figo aliyepewa kipimo cha maji na daktari afuate kipimo hicho. Daftari likionyesha vikombe vinashuka wiki hadi wiki, tatizo lenu ni wahudumu.

Mezani ni hivyo hivyo. Kumlisha taratibu mzee asiyejiweza huchukua nusu saa au zaidi. Mhudumu mmoja akipewa watatu kwa mpigo ataharakisha matonge, mzee atapaliwa, na chakula kikiingia kwenye mapafu huleta nimonia. Mlenda huteleza na ugali wa uwele hukauka, basi tonge liwe dogo, limezwe lote kabla ya lingine, na mzee akae wima wakati wa kula na nusu saa baada yake. Mwenye kisukari aliyechoma insulini asubuhi asisubiri zamu: chakula kikichelewa, sukari hushuka, jasho humtoka, mikono hutetemeka. Huyo ahudumiwe wa kwanza kila siku.

Kwa nini wahudumu hawakai? Posho ndogo ndiyo sababu ya wazi, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 kazi za mjini zimeongezeka, na kodi za vyumba nazo zimepanda. Lakini kalenda ya shamba nayo ina nguvu kuliko viongozi wa vituo wanavyokiri. Januari na Februari ni palizi, na mhudumu mwenye shamba Bahi au Chamwino ataondoka tu, kwa haki yake, maana hicho ndicho chakula cha mwaka mzima. Msimlaumu. Mwezi Oktoba kaeni na kila mmoja muulizane atalima lini, mtafute wa kushikiza zamu mapema. Wanafunzi wa ustawi wa jamii walioko fildi ni msaada mkubwa, ila huja kwa mkumbo na kuondoka kwa mkumbo. Wakitumika kujaza nafasi ya mwajiriwa, siku wakiondoka kituo kinasimama.

Njia inayosaidia haraka ni kuajiri mtu wa saa 3 tu, kuanzia saa 5 hadi saa 8, wakati wa chakula na choo. Mama mwenye mtoto wa shule ya msingi huimudu zamu hiyo, na gharama yake ni chini ya nusu ya mshahara wa siku nzima.

Vifaa navyo huokoa mikono. Mzee aliyeketi kwenye kigoda anahitaji watu wawili kumwinua. Huyo huyo akikaa kwenye kiti cha mbao chenye mikono, kimo cha sentimita 45 hadi 50, mara nyingi husimama mwenyewe. Viti vya plastiki vinavyopinda msiviamini. Choo cha shimo kiwekewe kiti imara chenye tundu kilichotengenezwa na fundi seremala, na vishikio ukutani. Na asivutwe mtu kwa makwapa, bega huteguka, na mgongo wa mhudumu huumia pia, akaacha kazi. Miguu ya mzee ikanyage chini vizuri, ainame mbele, kisha ashikwe kiunoni.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wazee hawamo, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliipa familia nafasi ya mlezi wa kwanza. Binafsi naona familia imeachiwa mzigo bila wa kuipokea, na mabaraza ya wazee ya kata yana haki ya kulisema hilo kila bajeti inapoandaliwa.

Mhudumu mpya akija, apewe kadi ya kila mzee, upande mmoja tu wa karatasi: jina analopenda kuitwa, dawa na saa zake, anavyosimama, anachokula, simu ya ndugu, na lugha. Wazee wengi wenye ugonjwa wa kusahau hurudi kwenye Kigogo au Kirangi, hivyo andikeni salamu yake na neno analotumia akitaka choo.