Nguzo ya mpingo mlangoni

Kwenye lango la jengo moja la ofisi za umma hapa Arusha pamesimama nguzo ya mpingo inayokaribia kimo changu: bibi ameketi chini kabisa, na juu yake wamepandana wanawe na wajukuu, huyu amekanyaga bega la yule, yule amemshika huyu kiuno, hadi kichanga kilicho kileleni. Wachongaji wa Kimakonde huuita mtindo huu ujamaa, na sijaona sanamu inayolifaa zaidi jengo la wananchi, kwa kuwa haimtukuzi mtu mmoja.

Kinachoniuma ni mahali ilipowekwa. Imesimamishwa nje ya baraza, upande unaopigwa na jua tangu asubuhi, na wiki iliyopita niliona ufa ulioanzia kwenye bega la bibi, ukapita shavuni mwa mtoto wa tatu na kupotelea chini ya mguu wa mwenzake. Ukucha wangu uliingia wote.

Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukitumbukizwa majini huzama, na ugumu wake huyachosha matezo na patasi. Pengine ndiyo maana watu hudhani unastahimili kila kitu. Lakini gogo lililochongwa kabla ya kukauka sawasawa hupoteza maji nje mapema kuliko ndani, na tabaka la nje linaposinyaa huku kiini bado kimejaa, mti hupasuka. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam imestahimili jua na mvua tangu 1927 kwa sababu ni ya bronzi.

Na nguzo kama hii haipatikani kirahisi. Mpingo hukua polepole mno, huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na mashina yake mengi huwa yamepinda au yana uwazi ndani.

Mchongaji mmoja niliyemweleza habari hii alinishauri tusiharakishe kuziba ufa kwa gundi na unga wa mpingo. “Mtoeni juani kwanza,” alisema, “acheni ufa umalize safari yake, ndipo muuzibe na kupaka nta.” Ofisini nimeambiwa kwamba ndani hakuna nafasi. Jumatatu nitarudi na futikamba, tupime pamoja pale kati ya mlango na meza ya mapokezi.